Ngazi Sabini na Mbili

Nianze na ujinga wenyewe kabla sijapata nafasi ya kuupamba. Mama alinitumia picha yake akiwa hotelini, nje ya nchi, nami nikaiweka kwenye stetasi ya simu yangu, pale ambapo kila aliye na namba yangu ataiona, kisha nikaandika chini yake: Aliondoka Sori akiwa omena, atarudi akiwa mbuta.

Kwa wasiotoka ziwani: omena ni wale dagaa wadogo, mmoja halingani hata na kidole chako cha mwisho. Mbuta ni yule sangara ambaye wanaume wawili humbeba kwa mti mabegani na bado mkia unachora mstari mchangani.

Ilikuwa Jumapili. Watu walipokuwa wakitoka kanisani, nusu ya kwaya ya mama ilikuwa imeshaiona. Rafiki yangu wa darasani alinitumia sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Buda, mathe ameomoka! Hilo shavu ni la mbunge!" Mama mmoja wa kwaya alinisimamisha njiani, akanipiga kofi la begani, akasema, "Wewe mtoto huna adabu," halafu akaniomba nimtumie. Dani, nyanya yangu mzaa baba, hakuweza kusoma maandishi yale madogo, kwa hivyo nilimsomea. Alipiga makofi mara moja, akatazama juu. "Nyar Kosele anakula," alisema. Ndivyo amwitavyo mama, binti wa Kosele, kwa sababu ndiko alikotoka akaolewa huku. "Anakula vizuri. Mungu ni mkubwa."

Mama mwenyewe alituma kile kikaragosi cha kucheka huku kinalia. Kimoja. Kwa kawaida yeye hutuma vitatu.

Ile picha bado ninayo. Amekaa mezani asubuhi, mbele yake sahani yenye mayai, soseji, maharagwe na chipsi. Siku ile niliona sahani na mashavu tu. Siku hizi naona viti. Nyuma yake kuna viti kumi na kimoja, nimevihesabu, na vyote ni vitupu.

Alikwenda huko kwa kazi, na kazi yenyewe ilianzia hapa ufuoni kwetu. Zamani omena ya Sori ilianikwa chini, kwenye mchanga, ukiila unatafuna ufuo. Mama ndiye aliyewafundisha akina mama wa hapa kujenga vichanja, kutandaza nyavu juu yake na kuanika omena ikiwa haigusi ardhi. Watu wa mradi fulani wakaja, wakapiga picha, wakaonja, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakamwita aende Malawi akawafundishe wanawake wa ziwa la huko. Dagaa wao wanaitwa usipa. Mama alisema wanafanana na omena kama mapacha waliolelewa nyumba mbili. Miezi mitano. Mchana ufuoni, jioni hotelini, peke yake.

Hoteli ilikuwa ya ghorofa nne na chumba chake kilikuwa cha juu kabisa. Wiki ya kwanza alinionyesha kila kitu kwa kamera: kitanda cha kulala watu watatu, birika la umeme, kioo kirefu ukutani, na sinia yenye vikombe viwili.

"Kila siku wanaosha viwili," alisema. "Natumia kimoja, wanaosha viwili. Sijui wanafikiri niko na nani."

Hakuna jiko. Mtu ambaye maisha yake yote ameamka akawasha moto, unamweka mahali ambapo chakula kiko tayari kimefunikwa na mtu mwenye glavu nyeupe anasema, "Mama, ongeza." Akaongeza. Aliniambia kwamba asubuhi pale mezani ndipo mahali pekee ambapo mtu alimuuliza alilalaje, na ukirudi kuchukua mkate mara ya pili unaulizwa tena. Kwa hivyo alirudi kuchukua mkate. Mwezi wa pili ndio alituma ile picha.

Mimi nilibaki Sori na Dani. Baba alifariki nikiwa darasa la nane, na sina ndugu, kwa hivyo nyumba ya mama ilibaki na mimi na kalenda. Dani hula mapema na hulala jua likizama. Nilikuwa nakula kwake, naosha sufuria, navuka ua, naingia nyumbani kwetu, nafanya hesabu za shule mezani, na kila kitu ndani ya nyumba kinafanya kelele yake: bati linalia likipoa, mlango wa kabati unajifungua. Shuleni mimi ndiye mchekeshaji wa kidato cha tatu. Mwalimu wa kemia alinitoa nje mara mbili wiki moja. Lakini kuchekesha ni kazi ya watu wawili au zaidi. Nilijaribu kujitania mwenyewe kwenye kioo cha kunyolea cha baba, nikaona sichekeshi hata kidogo.

Jioni ya ile Jumapili mama alipiga simu kama kawaida. Safari hii kamera ilikuwa imefungwa.

"Mtandao," alisema.

"Hata jana ulikuwa mzuri."

"Leo ni mbaya. Umekula?"

"Nimekula."

"Kwani nimenenepa kweli?"

Hapa ndipo mtoto mwenye akili angesema hapana, mama. Mimi nilisema, "Ile picha ilikataa kuingia kwenye simu ikiwa wima. Ilibidi niilaze."

Alicheka. Nasema ukweli, alicheka, kile kicheko chake cha puani. Kisha akasema, "Basi nisaidie. Si wewe ndiye unajua kila kitu cha kwenye simu?"

Nikawa kocha. Nilisoma huku na huku, mengine nikatunga. Nilimwambia anywe maji kabla ya kula. Nilimwambia aachane na soseji, achemshe mayai mawili kwenye birika la chumbani, na kweli akayachemsha, mpaka mfanyakazi wa usafi akauliza kwa nini chai ya chumba kile inanuka mayai. Nilimwambia achukue chakula kwenye kisahani cha kikombe. Halafu nikatunga moja ya mzaha: ale akiwa mbele ya kioo, akijitazama, eti mtu akijiona anatafuna huona aibu akaacha.

Nilidhani atanitukana. Kesho yake alisema, "Nimejaribu ile ya kioo. Ni nzuri."

"Umekula kidogo?"

"Sijui. Lakini angalau mezani tulikuwa wawili."

Nilicheka sana. Yeye hakucheka. Sikulitilia maanani.

Halafu zikaja ngazi. Kutoka mapokezi mpaka mlangoni kwake ni ngazi sabini na mbili. Nilimwambia asahau lifti, apande na kushuka kila jioni, nami nitamhesabia. Kwa hivyo ikawa hivyo. Saa kumi na mbili jioni yetu, ambayo kwao ni saa kumi na moja, kwa sababu saa zao ziko nyuma ya zetu, mama alipiga simu akiwa amesimama chini, simu mfukoni, waya masikioni. Mimi nimekaa kwenye kiti chake Sori, miguu juu ya meza, kitu ambacho angekuwepo nisingethubutu.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari, mwanafunzi."

"Mwanafunzi ni mama yako."

"Ndiyo nasema."

Nikaanza. Moja, mbili, tatu. Ngazi ya kumi na nane ilikuwa na kigae kilichovunjika, na kila tukifika hapo nilisema, "Angalia kigae," kana kwamba nakiona. Ghorofa ya pili kulikuwa na mlango ambao nyuma yake mtu alikuwa akikoroma kila tukipita. Tulimpa kazi mbalimbali, siku nyingine askari, siku nyingine pasta. Ghorofa ya tatu mama alikuwa anaanza kuhema, nami naanza kumtangaza kama mpira wa redioni: anakuja, anakuja mama wa Sori, anaruka ngazi ya hamsini, mashabiki wamesimama. Tukifika sabini na mbili tulishangilia. Kisha tunashuka. Kisha nasema, "Mara moja tena?" Naye anasema, "Ukitaka."

Kabla ya ngazi, simu zetu zilikuwa za dakika tatu. Umekula, Dani yuko aje, shule, haya, lala salama. Hatukujua la kusema zaidi. Sisi si watu wa kuambiana nimekukumbuka. Lakini mtu anayehesabu hana haja ya kutafuta neno. Neno la kufuata linajulikana. Tukafika nusu saa, tukafika saa nzima. Zile jioni hazikuwa mbaya. Kilichokuwa kibaya kilikuwa pale simu inapokatika, bati likaanza kulia tena.

Kamera haikufunguliwa. Niliomba mara mbili au tatu. "Nikirudi utaniona," alisema. "Nataka niwashangaze." Nikimuuliza kama anapungua, anasema kidogo. Nilijua maana ya kidogo. Nami nikiulizwa shuleni kama nimesoma husema kidogo. Na kwa kuwa sikumwona, mama aliendelea kunenepa kichwani mwangu. Kila aliyeniona njiani aliuliza, "Mbuta yuko aje?" nami namwongezea kilo. Nilisema hoteli imebadilisha kitanda. Nilisema ndege itamrudisha kwa safari mbili.

Mwezi wa tano Dani akaanza kupanga maombi ya kumkumbuka baba, miaka mitatu. Huku kwetu familia huvaa kitenge kimoja siku hiyo, na Dani alikuwa ameshachagua, cha bluu chenye maua meupe. Mama angefika Ijumaa, maombi Jumamosi. Hakungekuwa na wakati wa kupimwa. Fundi aliyemshonea mama nguo tangu akiwa msichana yuko kwao Kosele, na vipimo vyake viko kwenye daftari lake. Dani alinipa kile kitambaa nikipeleke. "Lakini vipimo hivyo ni vya zamani," alisema. "Mwambie."

Jioni ile nilimuuliza mama vipimo kwa simu, tukiwa ngazi ya arobaini. Alisema, "Atumie vya zamani."

Nilidhani ni aibu.

Sijui niwaambie nini kuhusu mimi niliyekuwa ndani ya duka la fundi kule Kosele. Mzee wa watu alifungua daftari, akanisomea kifua, kiuno, nyonga za mama yangu kama anayesoma tangazo. Nikamwonyesha picha ya mezani. Akavaa miwani, akavua, akavaa.

"Huyu ni yule msichana wetu?"

"Ndiye. Na hiyo ni ya mwezi wa pili."

"Oyo!" alisema. "Niongeze ngapi?"

Mpaka leo namwona amesimama na tepu shingoni, ananingoja. Nilikuwa nikiwaza siku ya maombi, kwaya yote imekaa, mama anasimama kusema neno kuhusu baba na zipu inapasuka mgongoni. Nilikuwa nikiwaza wanacheka, na kwamba safari hii sitataka wacheke. Nilisema, "Inchi nne." Kisha nikasema, "Weka tano."

Lilikuwa jambo la kwanza la upole nililofanya tangu ile stetasi. Nililifanya kwa nia njema kabisa.

Ijumaa ilipofika nilikuwa na mpango mwingine, maana mimi nikiachwa peke yangu na akili yangu hatuelewani. Nilikwenda stendi na wilbaro. Wazo lilikuwa kwamba mama akishuka nimwambie apande, mbuta hatembei. Nilikuwa na wenzangu wanne waliojipanga kupiga kelele.

Gari likafika. Akashuka mwanamke aliyevaa koti la mama. Niliendelea kutazama mlangoni, nikimngoja mama.

"Wewe," alisema yule mwanamke. "Hiyo wilbaro ni ya nini?"

Sauti ilikuwa ile ile. Shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Ile mifupa miwili chini ya shingo, ambayo sikuwahi kujua mama anayo, ilikuwa imetokeza. Koti lilikuwa linaning'inia begani kama liko kwenye msumari. Wenzangu walikuwa wamevuta pumzi tayari kupaza sauti, na pumzi hiyo ikarudi ndani. Mmoja wao, yule wa shavu la mbunge, alisema polepole, "Karibu nyumbani, mama."

"Ya sanduku," nilisema.

Tukapakia sanduku. Nilisukuma mbele, mama nyuma, na njia yote watu waliosimama kumsalimu walianza kwa sauti kubwa wakamaliza kwa ndogo. Mgeni hawezi kujua hili. Huku kwetu mtu akinenepa anataniwa mpaka atoroke. Akikonda hakuna anayecheka. Wanauliza safari, wanauliza mvua ya huko, na macho yanashuka mpaka kwenye mikono yake na kubaki hapo. Watu wanakumbuka waliokonda kabla yake. Baba alikonda miezi saba.

Dani alikuwa mlangoni kwake. Hakumkumbatia. Alichukua mkono wa mama, akauzungushia vidole vyake kwenye kifundo, na vidole vikakutana na kupitana.

"Ituo?" aliuliza. Unaumwa?

"Hapana, Mama. Ni mazoezi. Nilikuwa nafanya mazoezi tu."

"Mazoezi ya kwenda wapi?"

Mama alicheka peke yake. Dani akaingia ndani, nikamsikia akisogeza sufuria ambazo hazikuwa na haja ya kusogezwa.

Kisha ile nguo. Mama aliivaa chumbani, akatoka. Aligeuka kuonyesha mgongo, yeye akageuka, nguo ikabaki. Ungeweza kumtia mama mwingine humo ndani wakakaa vizuri. Dani alikaa chini. Najua alichokiona, kwa sababu na mimi nilikiona: suti ya baba ya mwaka ule wa mwisho.

"Fundi wangu amezeeka," mama alisema, akishika kitambaa kiunoni kwa ngumi mbili.

Ningeweza kumwachia fundi. Yuko mbali, ni mzee, hangejua. "Si fundi," nilisema. "Ni mimi. Nilimwambia aongeze tano."

"Kwa nini?"

"Usije ukabanwa. Watu wasicheke."

"Nani aliwaanzisha kucheka?"

Dani alitazama ukuta. Mimi nilitazama maua ya kitenge. Nilitafuta mzaha kila mfuko, na kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na kitu.

Mama alitoka nje na nguo yake ile, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu. Nilimfuata, nikakaa upande wa pili.

"Nilikuwa nakula usiku," alisema, "mwanzoni. Baadaye nikawa sishuki tena kula. Mtu akishapanda mara sita hana njaa, ana usingizi tu."

"Mara sita? Si ungesema umechoka!"

"Mara ya tatu nilikuwa nimeshachoka."

"Sasa mbona hukusema?"

Alinyoosha kitambaa kwenye magoti, kilikuwa kingi. "Ningesema nimechoka ungesema haya, lala salama. Ungekata."

Niliwaza zile jioni zote, mimi miguu mezani, nasikia anavyohema, nasema mara moja tena, na najua kabisa kwamba anahema, nasema tu, kwa sababu akisimama simu itaisha. "Mimi nilifikiri ukifika juu wewe ndiye utakata," nilisema.

Alinisukuma kidogo kwa bega lake, bega lote mfupa, kisha akaliacha hapo.

Jioni nilimpikia omena, ya kukaanga na nyanya nyingi, na ugali. Alikula kipande cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, akasema tumbo limesahau. Nilikaa tu mezani, nikala polepole kuliko nilivyowahi kula, ili nisimalize kabla yake.

Jumamosi asubuhi, zikiwa zimebaki saa nne kabla ya maombi, nilikunja ile nguo, nikaifunga nyuma ya baiskeli niipeleke kwa fundi wa hapa sokoni aipunguze. Mama alikuwa amewasha moto, anakoroga uji, leso begani. Nilikuwa nimeshapanda nilipomsikia akiita. Nikasimama, mguu mmoja chini. Alikuja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, akasema:

"Mwambie asikate. Akunje ndani tu, ashone juu juu, nitarudi humo. Halafu ukimbie urudi, bado sijala."